Chui milia 355 si wengi mno

JICHO LA NYIKA
Na Saumu Kombo

Mwishoni mwa mwaka 2024, K.P. Sharma Oli, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Nepal wakati huo, alisema nchi ndogo kama yake haina haja ya chui milia zaidi ya 350. Kwake 150 wangetosha, na waliozidi wangeweza kutolewa zawadi kwa nchi nyingine. Ni kauli rahisi kuicheka ukiwa mbali. Lakini kwa takwimu za serikali yake, kati ya 2019 na 2023 chui milia waliua watu karibu 40, na anayeingia msituni kukata majani ya mbuzi na ng'ombe si waziri wala mtalii, ni mwanakijiji asiye na pa kuyapata kwingine. Mtetezi wa chui milia asiyeanza na maiti hizo hastahili kusikilizwa. Nikishazitaja, bado nasema Oli alikosea hesabu.

Mwaka 2009 Nepal ilikuwa na chui milia 121. Sensa ya 2022 ilikuta 355. Mnyama huyu haongezeki kwa kupigwa marufuku bunduki tu. Mmoja hula mnyama mkubwa, kulungu au nguruwe mwitu, takriban kila wiki, yaani kama 50 kwa mwaka. Chui 355 basi humaliza zaidi ya wanyama 17,000 kila mwaka, na ili idadi hiyo iliwe bila mawindo kwisha lazima wawepo wengine wengi mara kadhaa, pamoja na nyasi za kuwalisha, mito ya kuwanywesha na vichaka vya kuzalia. Kwa hiyo idadi ya chui ni taarifa ya afya ya msitu mzima. Na msitu huo una kazi kwa mkulima. Vilima vya Churia, vilivyo juu ya tambarare ya Terai, ni vya udongo mlegevu. Vikivuliwa miti, mvua za masika ya Asia hushusha mchanga na kokoto hadi kwenye majaruba ya mpunga. Nguruwe mwitu nao, wanaofukua mashamba usiku, ndio kitoweo cha chui. Anayetaka kupunguza chui aseme pia ni nani atakayepunguza nguruwe.

Tuseme serikali ingefuata ile 150. Chui wa Nepal hawako zizi moja. Sensa hiyohiyo iliwakuta Chitwan 128, Bardia 125, Parsa 41, Shuklaphanta 36 na Banke 25. Gawanya 150 kwa hifadhi tano, upate 30 kila moja, idadi ambayo kundi dogo la majangili likijipanga linaweza kuifuta. Hilo si tishio la kubuni: hifadhi ya Sariska nchini India iligundulika mwaka 2005 kuwa haina hata chui milia mmoja, na kuanzia 2008 ikabidi wahamishwe wengine kutoka Ranthambore. Isitoshe, ukimwondoa dume mwenye himaya, madume vijana huingia kuigombea, huua watoto wa mtangulizi wao, na walioshindwa hutangatanga hadi vijijini. Kupunguza kwa jumla kunaweza kuzidisha balaa lilelile linalokimbiwa. Chui aliyekwisha kuzoea kuua watu ni habari nyingine. Huyo akamatwe au auawe, na sioni kwa nini mhifadhi aone haya kulisema.

Pingamizi zito zaidi si la idadi, ni la haki. Chitwan ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1973, Watharu, wenyeji waliokuwa wakiitegemea kwa nyasi, samaki na kuni, baadaye walijikuta wakizuiwa na wanajeshi. Uhifadhi wa namna hiyo humfanya jirani kuwa mshirika wa jangili, na msomaji wa Loliondo kule Tanzania, ambako wafugaji waliondolewa kwa ajili ya hifadhi, hahitaji kuelezwa. Ila Nepal haikuganda hapo. Miaka ya 1990 ilipitisha sheria za kuwapa wanavijiji misitu waisimamie wenyewe, na kurudisha asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi kwa jamii za pembezoni. Ushoroba wa Khata, unaounganisha Bardia na Katarniaghat upande wa India, umerudi kuwa msitu kwa mikono ya wanavijiji hao, na chui wanaupita. India nayo ina ushahidi wake: utafiti wa Yadvendradev Jhala na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Science Januari 2025, ulionyesha kuwa eneo lenye chui milia lilipanuka kwa asilimia 30 katika miongo miwili, na kwamba chui hao wanaishi pamoja na watu wapatao milioni 60. Walikotoweka zaidi ni kwenye umaskini mkali, vita na uwindaji wa kitoweo. Mwenye njaa hamwachii chui kulungu.

Kwa hiyo gharama ndiyo ya kugombania, na hapo sisi wa Afrika Mashariki, ingawa hatuna chui milia, tumo. Sheria ya Kenya ya 2013 iliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, na familia zimesubiri miaka. Tanzania ina kifuta jasho na kifuta machozi, majina yanayokiri wazi kwamba si fidia kamili. Dunia nzima hufurahia chui akiwa hai. Hasara humwangukia mwenye shamba. Pesa ya hifadhi imfikie huyo kwanza, ndani ya msimu uleule alioathirika, kabla ya magari na makongamano.

Wanaodhani chui anaweza kupunguzwa leo na kurudishwa wakati wowote watazame Kambodia. Picha ya mwisho ya chui milia wa mwituni ilipigwa huko mwaka 2007. Mwaka 2016 wataalamu walitamka kuwa hakuna tena wanaozaana. Mwaka 2022 nchi hiyo ilitia saini makubaliano na India ili isaidiwe kuanza upya.