Acheni Kuililia Centre Court

Niliporudi Mombasa kutoka London nilikuja na kadi ndogo ya foleni ya mashindano ya tenisi ya Wimbledon, yenye namba na tarehe, nikaitoa barazani jioni moja kahawa ikimiminwa. Kadi ikazunguka mikono. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, mfuatiliaji wa tenisi tangu enzi za Björn Borg, akaisogeza karibu na macho, akaniuliza, "Ulikaa Centre Court?" Nikamjibu, la, mzee wangu, nilikuwa viwanja vya nje. Akanirudishia kadi yangu. "Basi Wimbledon hukwenda, mwanangu. Ulikwenda kutembea."

Baraza zima likaafikiana naye, nami kwa heshima ya mvi zake nikanyamaza. Leo namjibu, kwa heshima ileile, maana neno lake nimelisikia pia kwa vijana wa Nairobi, na kwa ndugu zetu walioishi Uingereza miaka ishirini bila kukanyaga Wimbledon wakingoja siku watakayopata tiketi "ya maana". Wote wanaamini kwamba shabiki wa tenisi aliyekosa uwanja mkubwa na majina makubwa amepoteza nauli yake. Si kweli hata kidogo. Na imani hii inatuumiza hadi huku kwetu, kama nitakavyoeleza.

Nadhani hesabu hii tumeibeba kutoka kwenye soka. Soka lina uwanja mmoja, mechi moja, dakika tisini. Ukikosa tiketi ya uwanja wa Kasarani umekosa yote, unabaki nje ukisikiliza makelele. Tenisi haiko hivyo. Wimbledon ina viwanja 18 vya mashindano. Wanaoanza kuwania taji la mchezaji mmoja mmoja ni wanaume 128 na wanawake 128, kwa hiyo raundi ya kwanza peke yake ina mechi 128, nazo hupangwa Jumatatu na Jumanne ya wiki ya kwanza. Viwanja vya nje huanza saa tano asubuhi, wakati Centre Court, uwanja mkuu, mpira wa kwanza hupigwa saa saba na nusu mchana. Ikifika Jumapili ya mwisho, kwa wanaume imebaki mechi moja. Mwaka 2025 kiti cha kuitazama mechi hiyo moja kiliuzwa pauni 315. Tiketi ya kuzunguka viwanja vya nje siku zile za mwanzo, zenye mechi tele, ilikuwa pauni 30.

Mashindano ya tenisi ni gulio. Nani huenda gulioni akasimama mbele ya meza moja tangu asubuhi hadi jua linazama, kwa kuwa mwenye meza ana jina? Watu huzunguka, huonja, husikia vifijo upande wa pili wakaenda kuangalia kuna nini.

Tena tiketi hiyo ya viwanja vya nje haitaki kujuana na mtu. Unaingia foleni kwenye bustani ya Wimbledon Park, unapewa kadi yenye namba yako, na namba ile hakuna tajiri wa kuiruka. Hata hao wanaoitamani Centre Court wana mlango hapo: kila siku tiketi kama 500 za kila kimoja cha viwanja vitatu vikubwa huwekwa kwa ajili ya watu wa foleni, isipokuwa Centre Court katika siku nne za mwisho. Wanaozitaka hulala kwenye mahema tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na alfajiri wasimamizi hupita kuwaamsha wakunje. Mimi sikulala. Nilifika mapema asubuhi, nyasi zikiwa bado na umande, nikajikuta nyuma ya mama mmoja mtu mzima mwenye chupa ya chai. Alinimiminia kikombe kabla hatujaulizana majina. Kisha akafungua ratiba ya siku, na nikaona amezungushia duara la penseli mechi nne, zote za watu ambao sikuwahi kuwasikia. Niliyafuata maduara yake siku nzima. Hakunikosesha hata mara moja.

Mechi ya pili kati ya zile nne ndiyo iliyonifungua macho. Nilikaa safu ya pili, kwenye benchi, nyuma ya pembe ya uwanja. Kijana aliyekuwa anaanzisha mpira alikuwa karibu nami kiasi kwamba niliona plasta iliyofunika vidole viwili vya mkono wake wa raketi, na jinsi ilivyoanza kubanduka kwa jasho. Alipokea mipira mitatu kutoka kwa mtoto wa mipira, akaigeuza, akayatazama manyoya yake, akarudisha mmoja uliochakaa. Alikuwa akijisemesha kwa lugha nisiyoijua, polepole, kama mtu anayembembeleza mnyama aliyeshtuka. Alipopiga, nilisikia kitu ambacho televisheni haijawahi kunisikilizisha: mlio wa nyuzi za raketi, kisha pumzi ya mtu, kisha kishindo kikavu cha mpira kwenye nyasi, vitatu vikifuatana haraka hivi kwamba sikio linafika kabla ya jicho. Na mpira haukwenda mnyoofu. Ulipita juu sana ya wavu, nikadhani umetoka nje, halafu ukazama ghafla kama uliovutwa na uzi.

Hapo nilielewa kwamba miaka yote nilikuwa nikitazama kivuli cha mchezo huu. Kamera ya televisheni hukaa juu, nyuma ya mchezaji, na kutoka kule juu kila kitu hulala bapa. Mzunguko wa mpira hauonekani. Urefu wake juu ya wavu hauonekani. Mtu aliyeketi sebuleni husema, "Mpira ule hata mimi ningeurudisha," naye hasemi kwa kiburi, ni macho yake yamedanganywa. Na aliyekaa safu za juu kabisa za uwanja mkubwa yuko karibu na kamera kuliko alivyo karibu na mchezaji. Arthur Ashe, uwanja mkuu wa mashindano ya Marekani kule Queens, New York, una viti 23,771. Anayekaa kilele cha viti hivyo amelipa ili atazame kutoka angani, na mara nyingi macho yake yataishia kwenye skrini kubwa, ileile aliyoiacha nyumbani.

Sisemi fainali haina thamani. Waliokuwa Centre Court tarehe 6 Julai 2008 wakiwatazama Nadal na Federer kwa saa 4 na dakika 48, mpaka giza likaanza kuingia uwanjani, waliona jambo ambalo watawasimulia wajukuu. Nawaonea wivu. Lakini hakuna aliyekata tiketi ile akijua atapata mechi ile. Mechi kubwa haipigi hodi, wala haichagui uwanja.

Mzee wangu wa barazani anajua vizuri mechi ndefu kuliko zote katika historia ya tenisi. Nimemsikia akiisimulia zaidi ya mara moja: John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa, mwaka 2010, saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, seti ya tano ikiisha 70 kwa 68. Sasa nimuulize, ilichezwa wapi? Ilichezwa Uwanja Namba 18, wenye viti 782. Ilikuwa raundi ya kwanza. Mahut hata hakuwa ameingia moja kwa moja. Alipitia mechi za mchujo. Ubao wa matokeo ulikwama kwenye 47 kwa 47, kwa kuwa waliouunda hawakuwahi kufikiria namba zitafika huko. Na siku ya tatu, tarehe 24 Juni, Malkia Elizabeth alifika Wimbledon kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1977. Alikaa Centre Court, mahali pa heshima kuliko pote, akamtazama Andy Murray. Mechi iliyoingia kwenye vitabu iliishia alasiri hiyohiyo, ndani ya lango lilelile, mbele ya watu waliowahi benchi. Siku hizi seti ya mwisho ikiwa sare huamuliwa kwa taibreki, mchezo mfupi wa kuamua, kwa hiyo rekodi ile haitavunjwa. Imebaki kuwa mali ya Uwanja Namba 18, na nje yake kumebandikwa kibao cha kumbukumbu.

Ushahidi wa pili unatuhusu kwa karibu zaidi. Julai 2022, msichana wa Kenya, Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake, alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji katika mashindano makubwa manne ya tenisi kabla yake, la vijana wala la wakubwa. Kenya nzima ilishangilia siku ya pili, magazeti yalipotoka. Lakini mashindano ya vijana huchezwa zaidi kwenye viwanja vya nje, wiki ya pili, wakati tiketi ya kuzunguka viwanja hivyo imeshushwa bei, na umati wote umeelekeza macho Centre Court kwenye robo fainali na nusu fainali za wakubwa. Aliyekuwa amekaa benchini wiki ile angemwona Okutoyi akiwa umbali wa kumpa mkono.

Tena angemwona na mpinzani wake. Upande wa pili wa wavu katika fainali ile walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo, alikuwa na miaka 15. Okutoyi na mwenzake walishinda kwa tabu, 11 kwa 9 katika taibreki ya kuamua. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, Mboko huyohuyo alichukua ubingwa wa Kanada mjini Montreal akimfunga Naomi Osaka katika fainali, akiwa bado hajatimiza miaka 19. Leo kumwona Mboko kunataka tiketi ya uwanja mkubwa. Mwaka 2022 kulitaka kuamka mapema tu. Waliosema kwamba viwanja vya nje havina wa kutazamwa walimpita mlangoni.

Najua jibu litakalokuja: wewe ulipata nauli na viza ya London, sisi je? Jibu hilo ni la haki. Ndiyo maana imani hii ya "uwanja mkubwa au basi" inaniuma zaidi nikiwa hapa nyumbani kuliko nikiwa kule. Nairobi imekuwa ikiandaa mashindano ya kulipwa ya wanawake ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Kigali, tangu mwaka 2024, inaandaa mashindano ya wanaume ya ngazi ya Challenger, yale yaliyo hatua moja tu chini ya ziara kuu ya ATP, kwenye viwanja vya udongo vya Kicukiro. Hayo si maonyesho ya kujifurahisha. Ni kazi ya watu. Fungu zima la zawadi la mashindano ya W35, ngazi iliyochezwa Nairobi, halifiki hata nusu ya pauni 66,000 alizopewa mwaka 2025 kila aliyefungwa raundi ya kwanza Wimbledon. Kwa fungu hilo wachezaji zaidi ya thelathini hugawana nauli, hoteli na matumaini. Anayepoteza Jumanne hajui kama atamudu safari ya wiki ijayo. Hapo ndipo utaona mtu anavyopigania mpira mmoja.

Nilikwenda kutazama moja ya mashindano hayo Nairobi. Niliingia bila kulipa hata shilingi. Kwa kuwa jiji liko juu sana ya usawa wa bahari, mpira unaruka kuliko kawaida, na wasichana waliotoka nchi za tambarare walikuwa wakihangaika kuuzuia usivuke mstari. Walioizoea hewa ile waliwasubiri kwa subira, wakawatesa. Ilikuwa tenisi ya akili, tenisi safi. Niliwahesabu watazamaji: tulikuwa ishirini na sita. Msichana wa Kenya alipookoa mpira wa kupoteza seti, makofi yetu yalikuwa machache hivi kwamba alinyanyua kichwa kutafuta yanatoka wapi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi wachezaji wetu tunawangoja waende kwanza London, wapigwe picha wakiwa na kombe, ndipo tuwatunze uwanja wa ndege. Kabla ya hapo tunasema hakuna jina kubwa, hakuna cha kwenda kuona. Wafadhili nao wanaangalia viti vitupu na kufanya hesabu zao, na mashindano yanayokosa mfadhili hayarudi mwaka unaofuata. Msichana wa Nairobi akikosa nyumbani pointi za orodha ya ubora wa wachezaji itambidi azifuate Tunisia au Misri, kwa nauli ambayo familia yake haina.

Mzee wangu, nakuomba wewe wa kwanza. Mashindano yakitangazwa tena Nairobi, treni ya asubuhi inatoka Mombasa, nami nitakata tiketi zetu mbili. Tutakaa safu ya mbele, nyuma ya pembe ya uwanja. Nafasi itakuwepo.