Sabuni ya jina na sabuni ya bei nafuu: hesabu ya mfanyabiashara wa Bwera

Siku ya gulio katika soko la Mpondwe-Lhubiriha, mteja aliyevuka kutoka Kasindi husimama mbele ya meza ya sabuni na kuuliza swali lile lile: "Mama, hii na ile zinatofautiana nini?" Mkono mmoja umeshika mche wa sabuni ambayo redio huitaja kila asubuhi. Mkono wa pili umeshika mche wa bluu ile ile, unene ule ule, ila jina lake halijulikani hata kwa anayeuza. Wauzaji wengi hujibu, "Hii ni orijino," wakionyesha ile ya bei kubwa. Jibu hilo halimsaidii mteja, na mara nyingine si kweli.

Mijini swali hili lina sura nyingine. Duka kubwa huagiza sabuni, karatasi za chooni au mafuta ya kupikia kiwandani, kisha huvipa jina la duka lenyewe. Nakumatt ya Kenya, iliyofika hadi Kampala, ilikuwa na chapa yake ya Blue Label. Carrefour, iliyochukua maduka ya Shoprite nchini Uganda mwaka 2021, nayo ina bidhaa zenye jina lake. Bei huwa chini kwa sababu hakuna tangazo la redio wala bango la barabarani la kulipia. Lakini duka limeweka jina lake rehani: sabuni ikiwa mbovu, mteja anaujua mlango wa kurudi nao. Ni dhamana yenye mwisho, hata hivyo. Nakumatt ilipofunga maduka yake Uganda mwaka 2017, aliyekuwa na lalamiko juu ya Blue Label hakuwa tena na mlango wa kubisha.

Bidhaa nyingi za bei nafuu zinazofika Bwera hazina jina la duka, na nyingine hazina hata anwani ya kiwanda. Kwa hiyo anayesema "nunua ya bei nafuu, zote ni sawa" anarudia ushauri wa Kampala au Nairobi mahali ambapo hakuna wa kuubeba mzigo wa kosa. Anayesema "nunua ya jina, utalala salama" naye anakosea, tena kwa sababu ambayo kila mchuuzi wa mpakani anaijua: anayetengeneza bandia haigi sabuni isiyojulikana. Huiga ile inayotafutwa. Katoni ya jina kubwa iliyonunuliwa usiku, bila risiti, kwa bei ambayo wakala mwenyewe hawezi kuitoa, ina uwezekano mkubwa wa kuwa bandia kuliko katoni ya kiwanda kidogo ambacho hakuna mwenye haja ya kukiiga. Jina lina thamani pale tu njia yake kutoka kiwandani hadi mezani inapofahamika.

Upo pia upande wa faida. Chukua mfano wa hesabu ya mezani. Katoni ya sabuni ya jina inaacha faida ya shilingi 2,000 na kuisha kwa siku mbili. Ile isiyo na jina inaacha 5,000 lakini inakaa siku sita. Kwa siku sita, mtaji ule ule umeleta 6,000 upande wa kwanza na 5,000 upande wa pili. Ndiyo maana mwenye mtaji mdogo hung'ang'ania jina: hauzi ubora, anauza wepesi wa pesa kurudi. Lakini sabuni ile isiyo na jina ikizoeleka na kuisha kwa siku tatu, inaleta 10,000. Kinachoitoa siku sita hadi siku tatu ni neno la muuzaji tu. Basi neno hilo liwe na msingi.

Msingi wa sabuni ya mche unapatikana bila maabara. Sabuni mbichi imejaa maji. Ikipimwa siku ya kutoka kiwandani ina uzito mzuri. Ikikaa wiki tatu kwenye rafu hunywea, hupinda na kupasuka. Muuzaji anayechukua miche miwili, mmoja wa jina na mmoja wa bei nafuu, akaipima leo na kuipima tena baada ya wiki tatu, atajua ni upi ulikuwa unauza maji. Upo na ujanja wa kujaza sabuni udongo mweupe: hutoa povu dogo na kuacha unga ndani ya beseni. Hayo yote macho na mikono huyaona. Sabuni za mawese kutoka upande wa Beni na Butembo, ambazo nyingi hazina hata karatasi ya kufungia, zinastahili kupewa nafasi katika jaribio hilo. Baadhi zitashinda. Wakonzo wa Bwera na Wanande wa ng'ambo wanasikilizana lugha, na anayechemsha sabuni Butembo anaweza kuulizwa maswali ana kwa ana, jambo ambalo mwenye kiwanda cha mbali hawezi kufanyiwa.

Dawa ya klorini ni habari nyingine kabisa, na hapa bei nafuu isipewe nafasi kirahisi. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka huu kutoka Kivu Kaskazini, na wagonjwa wakatibiwa katika hospitali ya Bwera. Ndoo za kunawia zikawekwa kila mlango. Watu wa mji huu wanajua maji ya klorini ni ya nini. Wengi hawakuwahi kuambiwa kwamba chupa mbili za ukubwa mmoja zinaweza kuwa na nguvu tofauti. Dawa yenye asilimia 3.5, ili ifike asilimia 0.5 inayotumika kusafishia mahali palipochafuliwa na mgonjwa, huchanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Yenye asilimia 5 ni kikombe kimoja kwa tisa. Isiyoandikwa asilimia haina kipimo: anayeichanganya anabahatisha. Jua nalo huipunguza nguvu, kwa hiyo ile inayouzwa kwenye chupa angavu za maji, imepangwa mezani tangu asubuhi, huenda jioni imebaki harufu. Na chupa ya maji yenye klorini ndani ni hatari kwa mtoto yeyote mwenye kiu.

Chumvi iko katikati. Ziwa Katwe, ndani ya wilaya hii hii ya Kasese, limetoa chumvi kwa vizazi vingi, nayo ilivuka kwenda Kongo kabla mpaka haujachorwa. Haikuhitaji tangazo. Lakini madini joto hayaonekani wala hayaonjeki, na milima kama Rwenzori ni aina ya mahali ambapo upungufu wake huleta rovu. Kwa chungu cha nyumbani, pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto, kutoka kwa kiwanda kinachojulikana, ina sababu ya kuongezewa shilingi chache. Kwa ng'ombe, chumvi ya Katwe haina deni na mtu.

Kwa hiyo mgawanyo unaofaa Bwera haufuati bei. Kasoro inayoonekana kwa jicho, kama ya mche wa sabuni, beseni au ufagio, muuzaji ajaribu cha bei nafuu na akitetee kwa jina lake mwenyewe. Kasoro isiyoonekana, alipie jina, alama ya ubora na risiti.

Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka nchi wanachama zitambue alama za ubora za wenzao, ili bidhaa yenye alama ya shirika la viwango la Uganda isianze upya ng'ambo ya mto Lhubiriha. Mchuuzi mwenye katoni tatu kwenye baiskeli ndiye anayeumia zaidi mzigo wake ukifunguliwa mara mbili, maana hana wakala wa forodha wa kumsemea. Viongozi wa soko wana jambo moja la kudai ambalo halingoji mkutano wa marais: mzani mmoja uliokaguliwa na shirika hilo, uwekwe mahali pa wazi sokoni, ambapo mama wa Kasindi anaweza kupima mche wake kabla ya kuvuka.