BAMBA LIKICHEZA, FUNDI HUTUKANWA



Kuna matusi tumeyachoka. Mtu akipita njia iliyotandazwa mabamba, bamba likacheza chini ya kiatu na maji machafu yakamrukia suruali, neno lake ni moja: mafundi wa Nairobi ni wezi. Hajui nani alitoa amri wala nani aliyeipima simiti. Amemwona mwenye mwiko, basi yatosha.

Sisi tuliotandaza mabamba katika uwanja mmoja karibu na Dagoretti Corner, pale Barabara ya Ngong inapokutana na ile ya Naivasha, twataka kulieleza jambo hili lilivyo.

Kazi yenyewe si siri. Zege la chini huwa limekauka na kufagiliwa. Juu yake humwagwa mchanganyiko, karai moja ya simiti kwa nne za mchanga safi, mzito usiotiririka, unene wa milimita 30 hivi, nao ujae chini ya bamba zima bila kuacha shimo. Mgongo wa bamba hulowanishwa na kupakwa uji wa simiti ili lishike. Hugongwa kwa nyundo ya mpira, hufuata uzi na pimamaji, na mteremko huachwa, sentimita 1 na zaidi kidogo kwa kila mita, maji ya masika yapate njia. Kisha mtu asikanyage siku moja au mbili. Bamba la sentimita 60 kwa 60, unene 5, lina kilo 40 na ushei. Nani atapenda kuliinua hilo mara mbili?

Lakini mkandarasi wetu (hatumtaji, yeye anajijua) hakulipa kwa siku. Alilipa kwa bamba, kazi ya kipande. Wazee wetu walivishwa kipande kingine shingoni, na jina hilo mpaka leo halitupendezi. Nyapara akaamuru madonge matano tu chini ya kila bamba, manne pembeni na moja katikati, tufunike, twende mbele. Aliyetaka kujaza aliambiwa anakula simiti ya watu na kesho asirudi. Langoni walikuwa wamesimama wengine kutoka Kawangware wakingoja nafasi yake. Mchanganyiko ukianza kuganda juani tuliambiwa tuongeze maji, na kila fundi ajua kuwa hapo umekwisha kufa.

Fanyeni hesabu. Mita moja ya mraba kwa unene ule hula lita 30. Madonge matano hayafiki nusu yake. Simiti iliyobaki haikuingia mfukoni mwa fundi! Chini ya bamba kumebaki uwazi. Maji yameingia, mkokoteni umepita, pembe imevunjika. Ligonge uone, hulia kama debe tupu.

Wapo mafundi wabaya, hatukatai. Lakini fundi mbaya na fundi hodari wakilipwa kwa bamba, chini ya nyapara yule yule, kazi yao ni moja.

Na mikono yetu je? Simiti mbichi hula ngozi pole pole, uchungu huja jioni. Ndani yake mara nyingi mna kromiamu, na ngozi ikiisha kuikataa, mtu huwashwa miaka na miaka. Nchi za Ulaya ziliiwekea mpaka tangu mwaka 2005, sehemu 2 katika milioni. Hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga. Glavu tulizovaa tulizinunua wenyewe.

Twataka malipo ya siku, simiti ya kutosha, na glavu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zifikazo mwezi mmoja ahesabiwe kuwa wa mshahara wa mwezi. Matajiri hujibu kwamba mtu wa kipande si kibarua, hahusiki. Ndiyo sababu wanakipenda kipande kuliko kitu chochote!

Kwa hiyo kila mmoja aandike siku zake katika daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na jina la nyapara, hata kama amelipwa kwa bamba. Daftari hilo alilete kwa mwakilishi wa chama kazi ingali ikiendelea, si baada ya mkandarasi kupakia mashine zake katika lori.