Klarineti imetoka nyikani kwetu

MLIMANI
Na Aloyce Shirima

Februari 12, 1924, New York, Ross Gorman alianza "Rhapsody in Blue" ya George Gershwin kwa mlio mmoja wa klarineti uliopanda kutoka chini hadi juu bila kukatika. Gershwin alikuwa ameandika noti zilizoachana. Gorman, kwa utani wa mazoezini, akaziburuza, na mtunzi akapenda, akamwambia apige hivyohivyo. Jazi ikaingia ukumbi wa mabwana wa klasiki bila hodi.

Kwa nini klarineti? Matundu yake kadhaa huzibwa kwa kidole chenyewe. Kidole kikiondoka taratibu, sauti nayo inateleza, huku midomo ikiikunja. Halafu chombo hichohicho kinapiga Mozart kwa adabu zote. Benny Goodman, nyota wa dansi Marekani, alimrekodi Mozart, kisha akaagiza kazi mpya kwa Béla Bartók na Aaron Copland. Tusidhani ni mambo ya Wazungu tu: bendi ya OK Jazz ilipoanza Kinshasa mwaka 1956, Jean-Serge Essous alikuwamo na klarineti yake.

Sasa tuje nyumbani. Klarineti nzuri duniani huchongwa kwa mpingo, na mpingo bora unatoka Tanzania na Msumbiji. Ni mti mzito kiasi kwamba gogo lake huzama majini, na huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Huku kwetu Tarakea, Rombo, kwenye baridi hauoti. Sisi tuna mbao za paina. Mpingo wenyewe ni mti wa nyika. Lakini ni Mchaga wa Kibosho, marehemu Sebastian Chuwa, aliyeanzisha mradi wa kuuhifadhi mwaka 1996 akishirikiana na Mmarekani James Harris, makao yakiwa hapahapa Moshi. Watoto wa shule wakapanda miche.

Kinachoniudhi ni kwamba mti tunaupanda, tunaukata, tunauuza, ila watoto wetu hawajui hata unavyolia. Harusini tarumbeta zipo, saksafoni nazo siku hizi zinakodiwa. Klarineti, hakuna.

Ndugu zangu Warombo mlioko Dar es Salaam na ng'ambo, Desemba mnapanda mlima na magari yamejaa. Safari hii changeni, mnunue klarineti moja hata iliyotumika, muikabidhi shule au kwaya ya kijijini kwenu. Na mlipeni mwalimu wa kuifundisha.