Mashine Iliyosingiziwa Kifo

Hapana neno linalowafaidia wauza mashine kuliko neno hili fupi: imekufa. Mwenye nyumba wa Uingereza hubonyeza kitufe cha mashine yake ya kuoshea vyombo baada ya chakula cha usiku. Taa haiwaki, maji hayaingii, sauti haitoki. Papo hapo hutoa hukumu ya kifo. Pasipo uchunguzi wala shahidi, huagiza mashine nyingine, na ile ya kwanza hubebwa ikatupwa. Hukumu ya namna hii ni dhuluma mara tatu: humdhulumu mwenye nyumba fedha zake, huidhulumu ardhi kwa kuitwika chuma na plastiki, na huidhulumu akili ya mwanadamu kwa kuizuia isiulize swali lililo wajibu wake.

Mashine haifi kama afavyo mtu. Mtu akifa, viungo vyake vyote hufa pamoja naye. Mashine ikinyamaza, aghalabu mota yake ni nzima, pampu yake ni nzima, na mwili wake haujaliwa na kutu. Kilichokatika ni njia ya umeme mahali pamoja tu. Kazi ya mtengenezaji, basi, si kufufua maiti bali ni kutafuta mahali hapo. Kutafuta huko kuna utaratibu wake: hutoka nje kwenda ndani, na hutoka katika jepesi kwenda katika gumu.

Kwanza huulizwa soketi. Taa ya mezani ikichomekwa pale pale isiwake, mashine haina kosa. Lawama ni ya nyaya za nyumba, au ya swichi ya usalama iliyojikata. Pili huulizwa plagi. Plagi ya Uingereza yenye miguu mitatu, ambayo hutumika Kenya na Tanzania pia, ina fyuzi ndani yake. Fyuzi ni mlinzi wa mlangoni. Ikiwa imeungua, yafaa kuwekwa nyingine ya kipimo kile kile. Lakini na hiyo ikiungua, muuaji yumo ndani bado, na kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kumkaribisha yeye na moto pamoja. Tatu huulizwa komeo la mlango. Humo mna swichi ndogo inayoizuia mashine isiende mlango ukiwa wazi. Katika aina kadhaa, swichi hiyo ikiharibika mashine yote hunyamaza. Nne, baada ya plagi kuchomolewa na bomba la maji kufungwa, hutazamwa mahali waya mkuu unapoungana na nyaya za ndani. Kiungo kilicholegea hupata joto, huwa cheusi, kisha hukatika. Mwisho kabisa ndipo hufikiwa fyuzi ya joto, kwa mashine zilizo nayo, na ubao wa umeme unaoiongoza kazi yote. Kipimo cha umeme cha bei ndogo, kikitumiwa plagi ikiwa imechomolewa, hutosha kuonyesha wapi njia ni nzima na wapi imekatika.

Wapinzani wa maarifa haya wana hoja tatu. Hoja ya kwanza husema kuwa umeme huua, kwa hiyo mtu wa nyumbani asiguse kitu. Nusu ya hoja hii ni kweli, na nusu ya pili ni hila. Umeme huua, ndiyo sababu plagi huchomolewa kabla ya parafujo ya kwanza kulegezwa, na mtu hungoja kidogo, kwa kuwa baadhi ya vifaa vya ndani huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kukatiwa njia. Lakini hatari ni sababu ya kufundisha, si sababu ya kuficha. Maarifa ya mwenye nyumba yakifika mwisho, na amwite fundi. Aliyekwisha kuuliza soketi, plagi na komeo humwita fundi kwa macho yaliyo wazi, wala halipi gharama ya safari ya mtu aliyekuja kubadili fyuzi.

Hoja ya pili husema kuwa mashine hii ni mali ya elimu ya wataalamu. Historia yake huikanusha hoja hiyo. Josephine Cochrane wa Shelbyville, Illinois, aliyepewa hataza ya mashine yake mwaka 1886, hakuwa mhandisi wa chuo. Alikuwa mwanamke mwenye nyumba yake na vyombo vyake, na mashine ya kwanza iliundwa katika banda nyuma ya nyumba hiyo kwa msaada wa fundi George Butters. Mwaka 1893 ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago. Je, kitu kilichozaliwa uani kwa mwanamke wa nyumbani kimepata wapi haramu ya kutofunguliwa nyumbani?

Hoja ya tatu husifu upya: mashine mpya hutumia maji na umeme kidogo zaidi. Huenda ikawa kweli kwa mashine iliyokwisha kuzeeka. Lakini hutolewa hata kwa ile ya miaka mitano, kana kwamba kuunda nyingine hakuli chuma wala umeme. Wahenga walilijua jambo hili waliposema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Sheria nazo zimeanza kuamka, ila kwa jicho moja. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 1 Machi 2021 huwalazimisha waundaji kuwa na vipuri vya mashine hizi kwa miaka 7 au 10 tangu ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni. Uingereza ilitoa kanuni za namna hiyo mwaka ule ule. Ni jambo jema. Lakini mgawanyo wake na utazamwe. Mipira ya mlango, vichujio na vikapu sharti viuzwe kwa mtu ye yote. Mota, pampu, vipasha joto na ubao wa umeme, waundaji hawalazimiki kuviuza ila kwa mafundi wa kazi. Mwenye mali amepewa haki ya kununua kikapu, akanyimwa haki ya kununua kiini.

Kuna dalili nyingine ya ubahili huo. Katika mashine nyingi za Marekani, karatasi yenye mchoro wa nyaya hukunjwa ikafichwa nyuma ya bamba la chini, kwa ajili ya macho ya fundi. Elimu imo jikoni mwa mtu, ameilipia pamoja na mashine, wala hakuambiwa kuwa ipo.

Mchoro huo na utolewe bambani, utiwe mkononi mwa mnunuzi siku ile ile anayolipa. Vipuri na viuzwe kwa kila mwenye mashine, pamoja na maonyo yaliyo wazi. Mpaka hayo yatakapotendeka, mashine iliyonyamaza isizikwe kabla ya kuulizwa maswali yake yote.