Mwanasesere wa njiani, nani atamwokota?

NYANDA ZA JUU
Na Tuntufye wa Uyole

Kuna watu huko Australia na kwingineko wenye desturi ya kupendeza. Mtu anashona mwanasesere kwa mkono wake, anamtia kwenye mfuko unaopenya mwanga pamoja na kikaratasi cha kumwambia atakayemkuta amchukue, kisha anamtundika mtini au kumkalisha kwenye benchi la bustani na kwenda zake. Hamjui atakayemchukua, na hangoji shukrani. Nimeulizwa kwa nini sisi tusiige.

Tuige, ila si hivyo hivyo. Hebu mwache mwanasesere wa kitambaa alfajiri pale Mafiati, Mbeya, au kwenye jiwe la Gangilonga kule Iringa, uone. Watu watampitia mbali. Mama atamvuta mwanawe mkono. Atatokea mtu wa kukemea kwa maombi, na kabla ya saa nne kiumbe wako atakuwa ameshamwagiwa mafuta ya taa na kuwashwa moto.

Wala tusiwacheke. Mtoto wa huku hufundishwa mapema asiokote kitu asichomjua mwenyewe. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa Njombe, katika mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina. Mzazi aliyeyasikia yale hawezi kufurahia zawadi ya mtoto isiyo na mtoaji.

Kwa hiyo mtoaji asijulikane, sawa, lakini mahali pawe na mwenyeji. Kikapu kikae juu ya meza ya muuguzi, kwenye kaunta ya duka, au kwa mama ntilie wa stendi, mtu ambaye akiulizwa anajibu: vimeletwa, chagua kimoja. Mimi ningeanza na kliniki, siku ya kupima uzito. Mtoto mchanga anapata sindano yake na kunyonya akanyamaza. Anayeteseka ni kaka yake wa miaka minne, aliyeletwa kwa kuwa nyumbani hakuna wa kubaki naye. Si zamu yake, hana cha kushika, na kila akisogea anaambiwa atulie. Mwingine ni mtoto wa muuza chakula pale Makambako, panapoachana barabara za Mbeya na Songea. Tangu asubuhi yumo katikati ya honi na moshi, anatazama watoto wengine wakipita madirishani.

Malighafi hazina gharama. Fundi cherehani yeyote wa Mwanjelwa anafagia vipande vya kitenge kila jioni. Vikubwa vinakuwa mwili, vidogo vinakatwakatwa kujazia tumbo. Macho yatariziwe kwa uzi, yasiwe vifungo, maana kifungo hung'oka kikaishia kooni. Gari la waya lenye magurudumu ya ndala kuukuu likunjwe ncha kwa ndani. Gunzi nalo, katika mikoa hii ya mahindi, limelelewa na wasichana wengi kuliko mwanasesere yeyote wa dukani. (Watengeneza mipira ya chandimu ndio ninaowahurumia: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, wamerudi kwenye matambara.)

Ustadi nao upo. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imewapa ufundi na ajira watu wenye ulemavu, kuanzia kutengeneza karatasi, hata za kinyesi cha tembo, hadi kusuka na kushona. Hapo nina onyo. Usiende kuweka kikapu cha magari ya bure mbele ya kijana anayeuza magari ya waya. Mnunulie yeye, kisha ndiyo ukayagawe. Wema unaomfilisi fundi ni hasara.

Na simu ibaki mfukoni. Tumechoka kuona watoto wa watu wakipangwa mstari wapigwe picha wakiwa wameshika biskuti. Mtoto akishapigwa picha na zawadi, mzazi wake ameshalipa, tena kwa aibu.

Wapo watakaosema watoto wanahitaji madaftari, si midoli. Wasome kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya 2009. Kucheza kumetajwa humo miongoni mwa haki ambazo mlezi anawajibika kumpatia mtoto, pamoja na chakula, malazi na mavazi. Aliyeandika sheria hakuona anasa, na mimi siioni.

Juni 11 ni Siku ya Kimataifa ya Kucheza, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2024. Msiingoje. Fundi unayesoma safu hii, vipande vya Jumamosi usivichome. Shona viwili vitatu, umpelekee muuguzi wa zahanati ya mtaani kwako, umwombe ruhusa, uache kikapu, uondoke.