Msiniulize Nani Kashinda

Nimechoka. Nimechoka na swali moja ninalolisikia kila jioni kwenye vijiwe vya kahawa vya Tabora, kuanzia Kanyenye mpaka Isevya: "Hivi huko Kongo nani kashinda?"

Nani kashinda! Kana kwamba ni Simba na Yanga. Huyu anawatetea waasi wa M23, yule anashangilia jeshi la serikali, wa tatu anawapigia debe wanamgambo wa Wazalendo. Simu inapita mkono kwa mkono, video ya maiti barabarani inatazamwa, kashata inatafunwa, ubishi unaendelea. Kisha kila mtu kwake, kulala.

Ndugu yangu, maiti ile ilikuwa na mama yake.

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, ulijua nani kaingia mjini. Ulijua kaingia siku gani, kwa barabara ipi. Sasa niambie: ulijua nani kazika? Ulijua kazika wangapi?

Basi sikia. Siku chache baada ya mapigano, Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa miili kama 2,000 ilikuwa imeokotwa mitaani, na mingine 900 ilikuwa kwenye vyumba vya maiti vya hospitali. Mji mmoja. Siku chache. Askari walikuwamo, raia walikuwamo, na vipande vya bomu havikumuuliza mtu kitambulisho.

Hospitali ya wazazi ilipigwa, na miongoni mwa waliouawa na kujeruhiwa walikuwamo vichanga na wajawazito. Kwenye gereza la Munzenze wafungwa wanaume walivunja na kutoroka kwa maelfu, lakini kabla ya hapo waliwavamia wanawake waliofungwa humo humo. Zaidi ya wanawake 150 walibakwa. Kisha gereza likawaka moto, na wengi wa wanawake hao wakateketea ndani.

Nani alishinda pale? Nijibu. Nani alishinda?

Hebu vihamishe vita hivyo, uvilete hapa kwetu. Umeme umekatika Tabora nzima. Bomba halitoi tone, watoto wanatumwa kuchota maji machafu huku risasi zinalia. Hospitali ya Kitete wodi zimefurika, majeruhi wamelazwa sakafuni. Uwanja wa ndege umefungwa, dawa haziji. Maiti ya jirani yako iko barabarani siku ya tatu, unaiona kupitia dirishani, na huthubutu kutoka kuisitiri. Goma ilikuwa hivyo. Weka jina la mtaa wako, kisha rudi kijiweni uulize tena nani kashinda.

Wala usidhani vita vya mjini huua kwa risasi tu. Oktoba 2024, miezi michache kabla Goma haijaanguka, boti iitwayo Merdi ilizama katika Ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ndogo ya Kituku. Ilitoka Minova imejaza watu kupita kiasi. Watu kadhaa wa kadhaa walikufa maji, wenzao wakiwatazama kutoka ufukweni. Kwa nini walijazana kwenye boti ile? Kwa sababu vita vilikuwa vimeifunga barabara ya Goma. Hakuna aliyewapiga risasi. Lakini vita ndivyo vilivyowaua, na hakuna jenerali atakayewahesabu.

Utaniambia Goma ni mbali.

Mbali na nani? Wewe unayeishi Tabora, mji uliojengwa na njia ya misafara, unaniambia Kongo ni mbali? Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikapumzika hapa Unyanyembe, ikashuka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Manyema, Kongo. Wapo humu humu mjini ambao babu zao ni Wamanyema. Ujiji na Kigoma ndiyo usiseme. Hao wanaokimbia leo na magodoro kichwani ni damu yetu, wanazungumza Kiswahili chetu, wanaomba dua zetu na kuimba nyimbo zetu za kanisani.

Na kilichoitafuna njia ile zamani ndicho kinachoitafuna leo. Zamani ilikuwa pembe, na watu waliofungwa minyororo. Leo ni madini ya koltani ya Rubaya, machimbo ambayo M23 waliyashika mwaka 2024 na kuanza kuyatoza kodi. Pembe zilikwenda kwa wenye piano na meza za biliadi Ulaya na Marekani. Koltani inakwenda kwenye simu, na simu hiyo hiyo ndiyo unayotazamia maiti.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru wamebadili majina tu.

Tena Tabora haihitaji kusimuliwa na Goma vita ni nini. Tumesahau sisi wenyewe.

Septemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mji huu ulikuwa ukigombaniwa. Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur walikuja na vikosi viwili, kimoja kutoka kaskazini, kingine kutoka Kigoma kikifuata reli. Wajerumani chini ya Kurt Wahle waliwangoja. Walipigana Usoke. Walipigana Lulanguru. Walipigana Itaga. Usoke unaipita kwa treni ukienda Kigoma, unanunua chochote dirishani na kusinzia tena. Ulishawahi kuambiwa nani amelala chini ya udongo ule?

Usiku wa tarehe 18 Wajerumani wakaondoka, tarehe 19 Wabelgiji wakaingia. Vitabu vinasema Ubelgiji ilishinda. Tombeur akapewa ubaroni, na jina la Tabora likabandikwa kwenye jina lake. Mjini Brussels, katikati ya mji, kuna mtaa unaoitwa Tabora mpaka leo.

Wao wana mtaa. Sisi tuna nini?

Walioshika bunduki pande zote mbili, kwa wingi wao, walikuwa Waafrika. Na nyuma ya kila bunduki kulikuwa na wabebaji. Mnyamwezi, ambaye kwa miaka mingi alibeba mzigo wa msafara kwa ujira alioupatana mwenyewe, sasa alikamatwa kijijini na kufungwa kamba. Alitwishwa sanduku la risasi au gunia la unga, kilo 25 na zaidi, akaswagwa porini wakati wa masika. Alikufa kwa kuhara. Alikufa kwa malaria. Alikufa kwa nimonia na kwa njaa, huku amebeba chakula cha wengine. Waingereza peke yao waliandika vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na hao ni wale waliojisumbua kuwaandika.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga walilijua hilo. Sisi tumelisahau.

Na majeshi yote hayo yalikula nini? Yalikula vijiji. Nafaka ilichukuliwa, ng'ombe wakachukuliwa, wanaume wa kulima wakachukuliwa. Mvua zilipogoma, ghala hazikuwa na kitu. Ugogo, nchi ambayo kila msafara uliipita kwa kulipa hongo, iliingia kwenye njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa, mmoja katika kila watano. Mtu mmoja katika kila watano! Hesabu nyumbani kwako sasa hivi. Mko wangapi? Umtoe nani?

Hawakupigwa risasi hata moja wale. Walikufa wakati wanajeshi wameshasonga mbele na washindi wameshavishwa nishani. Ndiyo maana nasema anayeuliza nani kashinda anauliza swali la jenerali. Mwananchi ana swali lake. Nani atalima? Nani atazika? Nani atamlea mtoto huyu?

Basi, sogea karibu zaidi. Ulyankulu iko wapi? Iko mkoani kwetu. Ni makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji kwao. Walikuja na vitenge walivyovaa, wakafyeka pori, wakalima tumbaku na mahindi. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla wao na wenzao wa makazi ya Katumba na Mishamo, zaidi ya watu 160,000, hawajapewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mauaji ya miezi michache, matokeo ya miaka 40. Na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu? Ilianza mwaka 1996. Mtoto wa Kikongo aliyezaliwa kambini mwaka ule leo ni mtu mzima mwenye watoto, na Kongo anaisikia redioni tu.

Huo ndio urefu wa vita. Wewe uliyeona video ya sekunde 30, unadhani vimekwisha?

Na wakubwa wetu? Februari 8, 2025 walikutana Dar es Salaam, viongozi wa Afrika Mashariki na wa SADC kwa pamoja, wakataka mapigano yasimame mara moja, wakawapa wakuu wa majeshi siku tano wakutane. Picha zikapigwa. Wiki iliyofuata Bukavu ikaanguka. Desemba mwaka ule ule Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda wakatia saini makubaliano ya amani Washington mbele ya dunia. Wiki haijaisha, Uvira ikaanguka.

Uvira, ndugu yangu! Uvira inakunywa maji ya Ziwa Tanganyika. Ziwa lile lile linalopiga ufukwe wa Kigoma. Ziwa lile lile ambalo mizigo ya reli yetu hulivuka. Na bado unaniambia ni mbali?

Vijana wetu wawili wa JWTZ, waliokuwa kwenye kikosi cha SADC, walikufa kwenye mapigano ya Goma na Sake. Wamezikwa, tumeinamisha vichwa, tumesonga mbele. Ni mkutano gani wa hadhara uliowahi kusikia ukiuliza walikufa kwa ajili ya nini, na kazi waliyotumwa imefikia wapi?

Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Rwanda ni mwanachama. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kwa mara kuwa jeshi la Rwanda liko pamoja na M23, Kigali inakana. Kinshasa nayo inashutumiwa kuwakumbatia wauaji wa FDLR, waasi wanaoipinga Rwanda. Sawa, wabishane. Lakini raia wa Goma ni mwananchi wa Jumuiya hii hii tunayoiimbia wimbo. Jumuiya gani inayojua kupanga ushuru wa mchele lakini haijui kufungua njia salama ya kumtoa mama mjamzito kwenye mji unaopigwa mabomu?

Wahenga walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Methali hiyo tumeizoea mno, tunaitamka kama salamu. Mimi naikataa. Nyasi huota tena mvua ikinyesha. Mtoto aliyeungua haoti.

Kwa hiyo nasema waziwazi, na nasema kwako wewe.

Acha kusambaza maiti za watu. Mtu aliyeuawa akiwa na ndoo ya maji mkononi si burudani yako ya jioni.

Mkimbizi akishuka bandarini Kigoma, usimkaripie, usimwite mzigo. Babu yako alikuwa mzigoni mwaka 1916, na hakuna aliyempa maji.

Wewe mwalimu wa historia, peleka watoto Lulanguru na Itaga. Waambie habari za wapagazi, siyo za Tombeur na Wahle tu. Nendeni kwa wazee mkaandike walichosimuliwa na baba zao, maana kila mzee anayeondoka anaondoka na kaburi ambalo hatutalijua tena. Na halmashauri ya manispaa isimamishe ukumbusho wa wapagazi katika mji huu. Brussels wameweza kuandika Tabora kwenye kibao cha mtaa wao. Tabora inashindwa nini kuwaandika watu wake?

Na mbunge wako akija na fulana na ahadi ya kisima, mpokee, lakini msimamishe kwanza. Muulize Bunge limesema nini kuhusu raia wa Goma, Bukavu na Uvira. Muulize wabunge tuliowapeleka Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha wanafanya nini. Akisema hayo ni mambo ya nje, mwambie Ulyankulu iko ndani ya mkoa wa Tabora. Akinyamaza, muulize tena kwa sauti, mbele ya watu.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Goma imenyolewa. Bukavu imenyolewa. Uvira imenyolewa. Wembe umefika kwenye maji yetu wenyewe, na wewe umekaa kijiweni unabishana nani kaushika vizuri. Simama!